Furaha ya Mbinguni kwa Sauti Nne

Mji unaoelezwa katika sura ya 21 ya kitabu cha Ufunuo una milango kumi na miwili ya lulu na njia ya dhahabu, na usiku haumo. Kati ya miji yote niliyopita Afrika Mashariki, unaouimba mji huo kwa bidii kuliko mingine ni Dar es Salaam, wenye vumbi la Bunju, foleni ya Mwenge, mafuriko ya Jangwani na watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Zaidi ya nusu ya watu hao wanaishi Kinondoni, Temeke na Ubungo, wilaya iliyomegwa kutoka Kinondoni. Jumapili asubuhi, ukisafiri kwa daladala kutoka Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu na kukaa dirishani, hutashuka kabla ya kusikia kwaya ikiimba habari za kwenda juu.

Mimi natokea Bukoba. Kwetu marehemu huzikwa kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe au aliyoachiwa na baba yake. Kwaya husimama pembeni ya udongo uliochimbuliwa, besi nyuma, akina mama mbele, bila kinanda wala spika, na wimbo wa mbinguni huimbwa taratibu mpaka majembe yamalize kazi. Anayeujua anaimba. Asiyeujua anadaka kiitikio. Nimekulia ndani ya sauti hizo, na kila ninapokuja Dar es Salaam kwa ndugu zangu, dada yangu wa Sinza na binamu zangu wa Mbagala, nabeba daftari niandike jinsi wimbo huo unavyoimbwa mjini. Haya ni baadhi ya niliyoyaandika, na maoni yangu nimeyaacha humo humo.

Nilianza na Kijitonyama, kwa kuwa ni jirani na Sinza na kwa kuwa Walutheri ndio walionilea. Sharika za Kilutheri za huku ni kubwa. Jumapili moja ina ibada zaidi ya moja, na kila ibada ina kwaya zake: Kwaya Kuu, Kwaya ya Uinjilisti, Kwaya ya Vijana, kwaya ya akina mama, ya watoto wa Shule ya Jumapili, na siku hizi kikundi cha sifa na kuabudu. Kila kwaya ina mwenyekiti, katibu, mhazini na mwalimu wake. Ina sare, na ina mfuko wa kumfaa mwanakwaya anayeugua au anayefiwa. Mmarekani Gregory Barz, mtafiti wa muziki, alikaa na kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam miaka ya 1990, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2003 kinaieleza kwaya ya Tanzania kama jamii kamili, yenye maisha mapana kuliko uimbaji wa Jumapili. Yeyote aliyewahi kuuguliwa akiwa mwanakwaya analijua hilo bila kusoma kitabu.

Wimbo wa mbinguni wa Kilutheri una ukoo mrefu, na ni vizuri kuujua kabla ya kuusikiliza. Mwaka 1597 tauni iliuingia mji wa Unna, Ujerumani, ambako Philipp Nicolai alikuwa mchungaji. Watu walikufa kwa mamia, na maziko yakawa kazi ya kila siku. Katikati ya misiba hiyo Nicolai aliandika kitabu kuhusu furaha ya uzima wa milele, kikachapwa mwaka 1599, na ndani yake akaweka nyimbo mbili ambazo baadaye zilizunguka dunia nzima ya Kilutheri, ule wa walinzi wanaoamsha mji na ule wa nyota ya asubuhi. Mtu aliyekuwa akizika waumini wake mchana, usiku aliandika habari za karamu ya harusi. Wamisionari wa Berlin walipofika Dar es Salaam mwaka 1887 walikuja na urithi huo, na kitabu cha Mwimbieni Bwana cha KKKT kimebeba sehemu yake hadi leo.

Sisi nasi tumewarudishia. Bernard Kyamanywa, mtu wa Kagera, aliandika wimbo wa ufufuo unaoitwa Mfurahini, Haleluya mwaka 1966, enzi za chuo cha theolojia cha Makumira, na Wajerumani wameuweka katika kitabu chao cha nyimbo, namba 116, kwa maneno ya lugha yao. Nataja hili kwa fahari ya kwetu, na pia kwa sababu linasahihisha dhana kwamba nyimbo za mbinguni ni mzigo tulioletewa ukakaa mabegani mwetu. Tumeupokea, tumeugeuza, na kipande chake kimerudi kulikotoka kikiwa na ngoma ndani.

Katika ibada moja ya Kijitonyama niliisikia mbingu ikiimbwa mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa wimbo wa kitabu, mwendo wa pole, kanisa zima limesimama, wazee wakiimba bila kufungua ukurasa. Mara ya pili ilikuwa zamu ya Kwaya ya Uinjilisti, na kinanda, magitaa na dramu, stepu zimepangwa vizuri, mkono wa kulia ukipanda pale palipotajwa taji. Watu waliinuka. Wengine walipunga leso, mama mmoja mbele yangu alipiga vigelegele, na furaha ilikuwa furaha kweli, hakuna aliyejilazimisha. Lakini niliwatazama usoni nikaona midomo imefungwa. Beti zilikuwa mpya, sauti ya kwanza ilikuwa juu mno, na kiitikio kilibadilika kila kiliporudi. Kanisa lilikuwa linatazama. Niliandika hivyo daftarini nikapiga mstari chini yake, kwa sababu kwetu kibanjani jambo hilo halitokei.

Tofauti nyingine niliikuta kwenye maneno. Nyimbo za mbinguni za Bukoba huzungumzia sana kukutana tena: utamwona mama, utamwona mtoto aliyetangulia. Za Dar es Salaam nazo hukutana, lakini zinatafuta nyumba pia. Yohana 14 na makao yake mengi hutajwa huku mara nyingi kuliko kwetu, na nimesikia watunzi wa uswahilini wakiimba makazi yasiyo na kodi wala mwenye nyumba anayegonga mlango. Hili halihitaji mtaalamu kulieleza. Mtu wa Bukoba, hata maskini, mara nyingi ana kibanja cha ukoo. Mpangaji wa Mwananyamala au Tandika hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na akishindwa anahamisha godoro. Ukimwambia huyo kwamba amewekewa chumba, umemwambia habari njema kwa maneno anayoyajua.

Makuburi iko Ubungo sasa, ingawa wenyeji wengi bado wanaihesabu Kinondoni. Huko kuna Kwaya ya Mtakatifu Kizito, mojawapo ya kwaya za Kikatoliki zinazojulikana sana nchini. Kwa msafiri aliyelelewa na Walutheri, mazoezi ya kwaya ya Kikatoliki ni shule. Kinachotangulia ni karatasi, au faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, lenye herufi za d, r, m, f zilizotenganishwa kwa nukta na vituo, na juu kabisa imeandikwa Do ni nini. Mwalimu anatoa do kwa kinanda au kwa kinywa. Kila sauti inasoma peke yake, kwanza nota na kisha maneno, ndipo zote nne zinaunganishwa. Mfumo huu ulianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Waingereza wenyewe wameuacha kwa sehemu kubwa, na leo una nyumba imara katika kumbi za parokia zetu. Kijana ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kupokea kazi ya John Mgandu, Joseph Makoye au Bernard Mukasa leo jioni, na Jumapili akaiimba kwa sauti nne bila kukosea.

Wakatoliki walianza kuadhimisha Misa nzima kwa Kiswahili baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka huo huo padri Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hazina hii yote ya nyimbo, inayoonekana kana kwamba imekuwepo tangu zamani, ina umri wa mtu anayekaribia kustaafu au aliyestaafu majuzi. Nilifurahi kuhesabu hivyo, kwa maana inaonyesha kuwa watu wachache wenye juhudi wanaweza kulipa taifa nyimbo zake katika maisha yao.

Mbingu ya Kikatoliki ina mwezi wake, Novemba. Tarehe 1 ni Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Marehemu Wote, tarehe 22 ni Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Mwezi huo watu huenda makaburini, wengi Kinondoni, ambako makaburi yamesongamana hadi njia ya kupita imekuwa ya kutafuta. Wanafyeka, wanapaka chokaa, wanawasha mishumaa, wanaimba. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya imani iliyomo ndani ya uimbaji. Mkatoliki anamwombea marehemu, kwa hiyo wimbo wake wa mbinguni una ombi ndani yake: mpokee, mwangazie, mpe pumziko. Mlutheri anatangaza: amefika. Wote wawili wanaweza kusimama kwenye kaburi moja, kwa kuwa familia za Dar es Salaam zimechanganyika, na ukisikiliza vizuri unamtambua anayeomba na anayetangaza kabla hajamaliza ubeti.

Nikavuka mji. Chang'ombe nilipita haraka, na sitajifanya niliijua. Kwaya ya Vijana ya AIC Chang'ombe, ambayo watu huiita CVC, haihitaji kutambulishwa kwa msikilizaji wa redio. Kanisa lake lina mizizi Kanda ya Ziwa, ambako misheni ya Africa Inland ilianza kazi Nassa mwaka 1909, na nilipoisikiliza kwa sikio la mtu wa ziwani niliisikia Kanda ya Ziwa kwenye miguu yao kabla ya kuisikia kwenye sauti. Wanaimba mbinguni kama watu walioanza safari, wanatembea.

Kurasini ni habari nyingine. Siku ni Jumamosi, watu wana Biblia na Nyimbo za Kristo mkononi, na kwaya ya Waadventista Wasabato ya Kurasini ina jina kubwa nchi nzima. Mafundisho yao yanawapa mbingu ya namna ya pekee. Wanaamini wafu wamelala, hawajui neno lolote, hadi siku ya kuja kwa Bwana. Kwa hiyo wimbo wao haumweki marehemu mbinguni leo. Unaitazama asubuhi moja ambayo wote wataamka pamoja. Sikuwahi kuona fundisho linavyoweza kuubadilisha mwendo wa muziki hadi niliposikia waimbaji wa Kisabato wakiimba bila ala, sauti zimebanana, wakiongeza nguvu polepole kuelekea siku hiyo na kunyamaza ghafla kabla ya kuifikia. Nyimbo nyingi za kitabu chao ni za Marekani ya karne ya 19. Mmoja wa ukoo huo, unaosimulia kukutana kwenye ufuko mzuri, uliandikwa Elkhorn, Wisconsin, na Sanford Bennett, aliyekuwa na duka la dawa, na kutiwa sauti na rafiki yake Joseph Webster, mwanamuziki aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni. Ulichapwa mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vilivyojaza nchi yao wajane. Unna ilikuwa na tauni, Elkhorn ilikuwa na vita nyuma yake. Nilianza kuona mpangilio.

Mpangilio huo unafika kwetu kwa njia ya Kigali. Wimbo wa mbinguni unaopigwa zaidi kwenye misiba ya Temeke na Kinondoni, kwa kusikia kwangu, haukutungwa Dar es Salaam. Ni Kwetu Pazuri wa kwaya ya Ambassadors of Christ, Wasabato wa Remera, Kigali, walioimba Kiswahili kikapokelewa hadi pwani. Niliwahi kufika Remera. Ni mtaa safi, wenye vilima, na watu wanaongea kwa sauti ya chini. Kwaya ile ilianza mara tu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, katika mji ambao karibu kila nyumba ilikuwa na waliofiwa. Mwaka 2011 waimbaji wale wale walipata ajali ya barabarani katika safari ya huduma nchini Tanzania, na baadhi yao wakafa. Mtu anayesema nyimbo za furaha ya mbinguni ni za watu wanaokimbia ukweli wa dunia hajui zilikotungwa. Zimeandikwa na watu waliokuwa wamesimama katikati ya ukweli huo, udongo ukiwa bado kwenye viatu.

Sasa Mbagala, ambako daftari langu limejaa zaidi.

Msiba wa Mbagala una sura yake. Turubai limefungwa barabarani kutoka ukuta hadi ukuta, bajaji zinageuzia mbali, viti vya plastiki vimekodishwa, akina mama wako ndani kwenye mikeka, sufuria za ubwabwa ziko juu ya mafiga uani. Daftari la rambirambi liko juu ya meza ndogo, na anayeandika ana mwandiko mzuri kwa sababu amechaguliwa kwa hilo. Nusu ya waombolezaji ni Waislamu. Mbagala hii ndiyo iliyovamiwa makanisa yake Oktoba 2012, mengine yakachomwa moto, na nchi nzima ikashtuka. Nilikuwa na picha hiyo kichwani nilipofika. Nilichokikuta msibani ni majirani wa kanzu wakibeba maji, mzee mmoja wa msikitini akiwa ndiye aliyesimamia turubai, na watoto wa madrasa ya nyuma ya nyumba wakisitisha mazoezi ya kaswida na dufu zao kwa heshima ya marehemu mpaka jeneza liondoke. Kaswida nazo zinaimba pepo. Katika mtaa ule, jioni za kawaida, furaha ya akhera inasikika kutoka pande mbili za ukuta mmoja.

Kwaya ilifika mchana ikiwa na watu kama ishirini, wengine wametoka kazini na sare ndani ya mfuko wa rambo. Mwalimu wao ni kijana fundi wa kuchomelea. Walikuwa na wimbo wa mbinguni ambao niliwahi kuusikia kwenye rekodi yao, mng'avu, kinanda kinakimbia, sauti ya kwanza ikipanda hadi juu kabisa. Nilitarajia kuusikia huo. Walioimba ulikuwa wimbo ule ule, lakini umeshuka, umepungua mwendo, ubeti wa tatu wenye mbwembwe za soloisti haupo, na kiitikio kinarudiwa mara mbili bila kubadilika hata neno. Kufika mara ya pili, akina mama waliokuwa ndani kwenye mikeka walikuwa wanaimba. Mjane alikuwa anaimba. Majirani wasio Wakristo walikuwa wanaitikia kwa kutikisa vichwa, na mmoja, nilimwona, alikuwa anavuma besi bila maneno.

Baada ya chakula nilimfuata yule kijana.

"Mwalimu, mbona mmeushusha hivyo?"

"Kaka, kwenye rekodi Do ni A. Hapa tunaweka F. Mtu aliyelia usiku kucha hafiki juu. Ukimwacha chini, utakuwa umeimba wewe, yeye kakaa."

"Na ule ubeti wa tatu?"

"Ule ni wa kanisani. Hapa wanahitaji kitu wanachoweza kukishika."

Akanieleza zaidi, kwa umakini wa mtu anayeizungumzia kazi yake. Kinanda msibani wanakiacha garini mpaka waone hali. Spika wanaipeleka upande wa wanaume waliokaa mbali, hawaiweki karibu na wafiwa. Mwimbaji wa solo haruhusiwi kuanza kabla pumzi ya watu haijatulia, hata kama mwongoza shughuli anamwashiria. Na kama mama mfiwa ameanza kuimba kwa sauti isiyo yao, kwaya nzima inahama inamfuata, kwa sababu siku hiyo sauti sahihi ni ya mama.

Nimesikiliza kwaya kwa muda mrefu na sikuwahi kusikia kanuni bora kuliko hiyo ya mwisho.

Nililinganisha na msiba mwingine niliohudhuria upande wa Mbezi Beach, wa familia yenye uwezo. Kulikuwa na mitambo ya kukodi, fundi wa sauti, kamera mbili, na waimbaji stadi walioitwa kwa malipo. Waliimba vizuri. Kila nota ilikuwa mahali pake. Wafiwa walikaa mstari wa mbele wakaimbiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipomwangalia mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume wa makamo, alikuwa ameshika programu ya mazishi iliyochapishwa kwa rangi na hakuwa na cha kufanya. Siwalaumu waimbaji, walifanya walichoitiwa. Lakini nilitamani mtu angewanong'oneza washuke mpaka F.

Mbagala kuna jambo lililonigusa kwa namna ya pekee kama Mhaya. Marehemu wengi wa bara hawazikwi Dar es Salaam. Wanaagwa hapa, kisha wanasafirishwa kwenda Kilimanjaro, Mbeya, Kagera. Jeneza linapakiwa kwenye basi dogo la kukodi, ndugu wanakaa pembeni yake, na safari ya kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali mwaka 1960, aliyeliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam tangu 1968 hadi 1992, alirudi kulala Kagera. Alifariki Desemba 1997, akahifadhiwa Kashozi, na mwaka 2012 akahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Kwa hiyo wimbo wa mbinguni wa Temeke mara nyingi una safari mbili ndani yake, moja inayoonekana barabarani na nyingine isiyoonekana, na kwaya ya mjini huimba mwanzo wa safari ambayo kwaya ya kijijini itaimba mwisho wake. Basi linapoanza kuondoka, wanakwaya wa Mbagala hutembea pembeni yake hadi barabara ya lami wakiimba, ndipo linapokata kona kuingia Barabara ya Kilwa. Siku mbili baadaye, kibanjani, watu ambao hawajawahi kuwaona wanakwaya wale wanapokea kiitikio kile kile. Nimewahi kusimama katika ncha zote mbili za safari ya namna hiyo. Kiitikio kilichofika kilikuwa kile rahisi, cha sauti ya chini, ambacho waliokuwa ndani ya basi walikishika wakakiimba njiani. Mbwembwe za rekodi hazikufika Bukoba.

Ndiyo maana hukumu yangu, baada ya kuzunguka Kinondoni na Temeke na kulinganisha na kwetu na Kigali, haigawanyi kwaya kwa madhehebu. Wakatoliki wanawazidi wenzao kwa ufundi wa sauti nne. Wasabato wanawazidi kwa subira ya kuujenga wimbo. Walutheri na AIC wanajua kuuinua umati ukasimama. Kwaya iliyoniimbia mbingu nikaiamini ni ile ya fundi wa kuchomelea, iliyokuwa na sauti za kawaida na sare zisizofanana kwa urefu, kwa sababu iliacha nafasi ya mjane ndani ya wimbo.

Ombi langu ni kwa walimu wa kwaya na watunzi. Rekodini, kanisani, kwenye uzinduzi na kwenye mashindano, imbeni juu kadiri Mungu alivyowajalia, hakuna anayewazuia. Ila kila mnapotunga wimbo wa mbinguni, andikeni na nakala ya pili ya msibani: Do iwe chini, kiitikio kiwe kifupi, kirudiwe bila kubadilishwa, na spika isielekezwe usoni mwa waliofiwa. Na wewe msomaji, kwaya ikija kwako siku ya msiba, usiwaachie peke yao. Imba nao.